Kulipa bili ya kadi ya mkopo ya Uingereza au Marekani ukiwa Mtwara: mwongozo kamili

Korosho zikianza kudondoka, ndugu wa ughaibuni nao huanza kushuka. Mmoja kaja kusimamia shamba la baba yake Newala, mwingine anamalizia nyumba Mikindani, mwingine anamuuguza mama Nachingwea na hajui atarudi lini. Wengi wao wana jambo ambalo hawalitaji mpaka liwafike shingoni: kadi ya mkopo ya Uingereza au Marekani. Kadi yenyewe iko mfukoni, lakini bili inatoka kule kila mwezi, na haijali kama wewe uko msibani au umekaa chama cha msingi unasubiri malipo ya mnada wa korosho.

Nimeandika kwa ajili ya mtu wa namna hiyo, mwenye makazi nje na kadi ya huko, ambaye sasa anakaa kusini kwa miezi kadhaa. Msimamo wangu nausema mapema: kadi ya Uingereza isilipwe kutoka Mtwara. Ilipwe kutoka akaunti ya Uingereza, yenyewe, bila wewe kugusa kitu. Kazi yako ukiwa huku iwe ni kuhakikisha akaunti ile haikauki, na kuchungulia mara moja moja. TT (kutuma pesa nje kupitia benki), ndugu wa kukulipia na simu za kubembeleza benki ni njia za akiba. Nitazieleza zote, maana akiba nayo huhitajika.

Isome bili kabla hujafunga begi

Stetimenti ya kadi ina vitu vinne vya kuvijua kwa kichwa: siku hesabu ya mwezi inapofungwa, siku ya mwisho ya kulipa, deni lote, na kiwango cha chini unachotakiwa kulipa. Kati ya siku ya kufunga na siku ya mwisho kuna wiki kama tatu hivi. Marekani sheria ya kadi ya mwaka 2009 inataka stetimenti itoke angalau siku 21 kabla ya siku ya mwisho, na siku hiyo iwe tarehe ile ile kila mwezi. Kadi nyingi za Uingereza hujitangaza kuwa zinakupa mpaka siku 56 bila riba. Siku hizo 56 zinahesabiwa tangu ununuzi uliofanya mara tu baada ya stetimenti kufungwa. Ukinunua jioni ya kuamkia siku ya kufunga, unapata hizo wiki tatu na ushei tu.

Na siku zote hizo za bure ni za mtu anayelipa deni lote. Ukilipa pungufu, hata kwa pauni kumi, kwa kawaida riba huhesabiwa tangu siku uliyonunua.

Kiwango cha chini ndicho kinachowafilisi watu taratibu. Chukua deni la pauni 800 kwenye kadi yenye riba ya asilimia 24.9 kwa mwaka. Riba ya mwezi mmoja ni kama pauni 15. Kiwango cha chini kikiwa pauni 20, umelipa ishirini na deni limeshuka kwa tano. Mtu anakaa Lindi miezi sita akiamini "nalipa kila mwezi", anarudi anakuta deni liko pale pale, limepungua kwa bei ya chakula cha mchana.

Sasa kuchelewa. Uingereza faini ya kuchelewa kwa kawaida ni pauni 12. Kiwango hicho kilizoeleka baada ya mamlaka ya biashara ya huko kuibana sekta ya kadi mwaka 2006. Pauni kumi na mbili si mwisho wa dunia. Kinachouma zaidi ni mengine mawili. Kama ulikuwa na ofa ya riba sifuri, kuchelewa mara moja kunaweza kuifuta. Na ukichelewa mwezi mzima, jambo linaandikwa kwenye rekodi yako ya mikopo, zile rekodi zinazotunzwa na Experian, Equifax na TransUnion. Uingereza alama hiyo hukaa miaka 6, Marekani miaka 7. Huyo ndugu aliyekuja kujenga Mikindani kwa miezi minne, akirudi kuomba mkopo wa nyumba Leicester, atakuta benki inamuuliza habari za Novemba ile.

Weka malipo ya kujiendesha, na uyaweke mapema

Uingereza chombo cha kazi hii kinaitwa dairekti debiti. Unaipa kampuni ya kadi ruhusa ya kuchukua pesa kwenye akaunti yako ya kawaida kila mwezi, na inachukua yenyewe siku ya malipo ikifika. Marekani unaiwasha ndani ya programu ya kadi, ukijaza namba ya akaunti yako na ile namba ya benki yenye tarakimu tisa.

Unapoiwasha utaulizwa swali moja: ichukue kiasi gani? Majibu huwa matatu, yaani deni lote, kiwango cha chini, au kiasi ulichopanga mwenyewe. Ushauri wangu ni deni lote, ikiwa mshahara, pensheni au kodi ya nyumba yako inaendelea kuingia kwenye akaunti ya kule. Kama hakuna kinachoingia na unaishi kwa akiba, weka kiwango cha chini kijilipe chenyewe, halafu kila mwezi uingie ulipe kilichobaki kwa mkono. Kwa njia hiyo, hata ukisahau, hata ukiwa kijijini Tandahimba bila mtandao, faini haikupati na rekodi haichafuki. Unachopoteza ni riba ya mwezi tu.

Watu wengi wanayakosea malipo haya kwa kuyawasha siku mbili kabla ya ndege. Dairekti debiti mpya huchukua siku kadhaa za kazi kusajiliwa, na ikikuta stetimenti imeshatoka, mara nyingi huanza na bili inayofuata. Ile ya sasa unabaki nayo mwenyewe. Kwa hiyo iwashe mwezi mmoja kabla ya safari, uione imechukua pesa walau mara moja ukiwa bado kule, ndipo uiamini.

Jambo jingine linawachanganya wengi: ukilipa kwa mkono siku moja mbili kabla ya dairekti debiti, inaweza kuchukua tena kiasi kile kile, kwa sababu maombi yameshapelekwa benki. Pesa hazijapotea, zinakaa kwenye kadi kama salio lako. Lakini akaunti ya kawaida inaweza kuwa imebaki tupu, na kodi ya nyumba ikagonga mwamba. Lipa kwa mkono wiki moja kabla, au uache iende yenyewe.

Siku ya malipo ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu ya Uingereza, dairekti debiti huchukuliwa siku ya kazi inayofuata. Hili hutisha watu bure: haihesabiwi kuwa umechelewa. Anayelipa kwa mkono ndiye wa kuangalia sikukuu. Na za kuangalia ni za kule, kama vile Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka, tarehe 25 na 26 Desemba, mwaka mpya. Nane Nane, wakati mji mzima wa Lindi uko viwanja vya Ngongo, London wako kazini kama kawaida.

Namba ya simu ndiyo ufunguo

Ukiniuliza mtu wa nje anakwama wapi hasa akifika Mtwara, sitasema pesa. Nitasema laini ya simu.

Unafungua programu ya benki, inakwambia imetuma namba ya uthibitisho kwenye simu yako. Simu gani? Ile laini ya Uingereza uliyoitoa airport ukaweka ya hapa, sasa iko kwenye bahasha ndani ya begi, au imekwenda na dada aliyesafisha chumba. Tangu Machi 2022 benki na maduka ya mtandaoni ya Uingereza yanalazimika kukuhakiki kwa hatua mbili kwenye malipo mengi, kwa hiyo bila ile laini unaweza kukwama hata kukata tiketi ya kurudi.

Tumia simu yenye nafasi mbili, au yenye laini ya kielektroniki. Laini ya nje ibaki ndani, iwashwe kwa ajili ya meseji, data yake izimwe kabisa ili isikutafune. Laini ya hapa ndiyo ya bando na ya kutuma pesa. Kupokea meseji ukiwa nje kwa mitandao mingi ya Uingereza ni bure, lakini kuulizia kabla ya kuondoka hakuna gharama. Hakikisha rominga, yaani huduma ya laini kufanya kazi nje ya nchi yake, imewashwa ukiwa bado kule, maana kuiwasha ukiwa Masasi kunaweza kuhitaji, ulikisia, namba ya uthibitisho kwa meseji.

Kama laini ni ya vocha, kuna hatari nyingine. Mitandao huzifunga laini zisizotumika kwa miezi kadhaa, na namba ikishafungwa inaweza kupewa mtu mwingine. Tuma meseji moja ya kulipia kila mwezi, hata ya kumsalimu shangazi, ili mfumo ujue uko hai.

Bora kuliko meseji ni kuithibitisha simu yenyewe ndani ya programu ya benki, ambapo unabonyeza kukubali na kuweka alama ya kidole. Hiyo inataka intaneti tu, haina habari na mnara wa rominga. Ila inakaa kwenye kifaa kile kile, kwa hiyo usibadilishe simu wiki ya safari, na usimwachie mpwa ile ya zamani kabla hujaona ya kwako mpya imekubali.

Laini ya hapa nayo husajiliwa kwa alama za vidole. Mwenye kitambulisho cha taifa hutumia namba yake ya NIDA. Aliyechukua uraia wa nje husajili kwa pasipoti.

Kuna wanaopenda kuingia benki kwa VPN ili waonekane kama wako London. Sikushauri. Mifumo ya benki hutilia shaka mtu anayeonekana Birmingham saa tatu na Frankfurt saa tatu na robo, na ndiyo njia ya haraka ya kufungiwa akaunti. Isitoshe, Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iliwataka watumiaji wa VPN nchini wajisajili. Programu ya benki inafunguka hapa bila hila yoyote. Ingia kama ulivyo.

Intaneti ikikatika

Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika na intaneti ikawa ya kubahatisha nchi nzima kwa siku kadhaa. Mwezi huo huo kimbunga Hidaya kilileta mvua zilizoikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam, hivyo hata aliyetaka kwenda makao makuu ya benki yake alikwama. Mwishoni mwa Oktoba 2025 intaneti ilizimwa tena kwa siku kadhaa, wakati wa uchaguzi. Hizo ndizo hali halisi, na hakuna sababu ya kuzisimulia kwa malalamiko. Malipo yanayojiendesha hayakuhitaji wewe uwe na mtandao. Kompyuta mbili zinaongea Uingereza kwa Uingereza wakati wewe uko gizani. Anayelipa kwa mkono siku ya mwisho ndiye anayeumia.

Kwa hiyo ukilazimika kulipa kwa mkono, siku yako ya mwisho isiwe ile iliyoandikwa kwenye stetimenti. Iwe siku saba kabla. Iandike kwenye kalenda ya simu na kwenye ile ya ukutani.

Na hesabu saa vizuri. London wako nyuma yetu kwa saa tatu wakati wa baridi yao na saa mbili wakati wa joto. Marekani baadhi ya kadi hufunga siku saa kumi na moja jioni ya kwao. Kwa New York, hiyo ni saa saba usiku wetu wakati wa baridi, saa sita usiku wakati wa joto. Anayeambiwa "una mpaka tarehe 10" kumbe Mtwara anaongezewa kidogo. Ila usiutegemee huo muda wa usiku, umeme haujui bili yako.

Akaunti ya kule ikikauka

Hapa ndipo penye kazi. Umekaa muda mrefu, likizo ya malipo imekwisha, na pesa uliyonayo ni ya shilingi: ya korosho, ya mpangaji wa Ligula, ya duka. Bili iko kwenye pauni. Unapelekaje?

Kwanza ondoa wazo la kutuma moja kwa moja kwenye kadi. Kampuni za kadi zimezoea malipo ya ndani ya nchi yao, na uhamisho wa kimataifa usio na maelezo kamili unaweza kuelea wiki nzima au kurudishwa ukiwa umekatwa. Tuma kwenye akaunti yako ya kawaida, kadi ijilipe kutoka pale.

Zile programu za simu mnazotumia nje kuleta pesa nyumbani zimejengwa kwa mwelekeo huo: pesa iingie Tanzania. Kuitoa ni habari nyingine. Njia iliyo wazi ni benki, kwa kile ambacho kaunta zetu bado wanakiita TT.

Nenda asubuhi, na nenda siku isiyo ya malipo ya wakulima, maana msimu wa korosho foleni za benki Mtwara, Masasi na Tandahimba hazina mchezo. Beba kitambulisho, ushahidi wa pesa zilikotoka kama vile stakabadhi ya chama cha msingi au mkataba wa pango, na stetimenti ya kadi iliyochapwa. Hiyo stetimenti itakusaidia kuliko unavyodhani. Mazungumzo ya kaunta huenda hivi:

"Mama, unamtumia nani?"

"Najitumia mwenyewe."

"Unajitumia mwenyewe? Kwa sababu gani?"

"Nalipa bili, mwanangu. Hii hapa."

Sababu ya malipo ni kitu ambacho benki inatakiwa kukijua na kukiandika, hivyo kijana wa kaunta hakufanyii umbea. Ukiwa na karatasi yenye jina lako na kiasi, inaisha hapo.

Kwenye fomu utajaza jina lako kama lilivyo kwenye akaunti ya kule, herufi kwa herufi; anwani; IBAN, yaani namba ya kimataifa ya akaunti, ambayo kwa Uingereza huanza na GB; na namba ya SWIFT, inayoitambulisha benki yenyewe. Marekani hakuna IBAN, wanatumia namba ya akaunti pamoja na ile ya tarakimu tisa. Nakili vitu hivi kutoka kwenye programu ya benki, usiviandike kwa kukumbuka. Tarakimu moja ikipinda, pesa itazunguka ulimwengu na kurudi imekonda.

Chini ya fomu kuna visanduku vitatu vidogo ambavyo watu huviruka: OUR, SHA na BEN. Vinauliza nani abebe makato ya njiani. OUR maana yake unayabeba wewe unayetuma, SHA mnagawana, BEN yanakatwa kwenye pesa inayofika. Kati ya benki ya Mtwara na ya London mara nyingi kuna benki ya tatu katikati, na hiyo nayo hula. Tuseme bili ni pauni 300, ukatuma 300 kwa SHA, njiani zikakatwa 15. Akaunti imepokea 285. Dairekti debiti inakuja kuchukua 300, inakosa, inaondoka mikono mitupu. Umelipa gharama ya TT, umelipa faini, na bili bado iko pale. Ama chagua OUR, ama tuma zaidi ya bili.

Mimi ningetuma kwa miezi mitatu kwa mpigo. Gharama ya TT haibadiliki sana kwa kiasi kidogo au kikubwa, kwa hiyo kutuma pauni 900 mara moja ni nafuu kuliko 300 mara tatu. Na ulizia bei ya kubadilisha fedha kabla hujasaini. Ada iliyoandikwa ukutani ndiyo ndogo, pengo kati ya bei ya soko na bei wanayokuuzia pauni ndilo kubwa. Zunguka benki mbili tatu, mji wenyewe si mkubwa.

Pesa hufika kwa siku moja hadi tano za kazi. Omba nakala ya ujumbe wa SWIFT, uitunze. Pesa ikichelewa ndiyo pekee itakayoifuatilia.

Ndugu wa kukulipia

Njia ya haraka kuliko zote ni mtu aliye kule. Mdogo wako wa Reading anaweza kukulipia bili ndani ya dakika chache, bila kuingia kwenye akaunti yako. Anachohitaji ni namba ya akaunti na namba ya tawi ya tarakimu sita za kampuni ya kadi, ambazo kampuni huziweka wazi kwa wateja, na namba ya kadi yako yenye tarakimu 16 kama kumbukumbu ya malipo. Tarakimu tatu za nyuma ya kadi hazihitaji. Tarehe ya kadi kuisha haihitaji. Namba ya siri na nywila ndiyo kabisa, hata kama ni mtoto wa mama mmoja.

Mkirudishiana nyumbani, kwa mfano yeye kalipa pauni 200 kule na wewe umempelekea mama yenu sementi ya thamani hiyo huku, hayo ni mambo ya ukoo. Lakini ukianza kuwafanyia na majirani, ukipokea shilingi huku na kulipa pauni kule, hiyo imeshakuwa biashara ya kubadilisha fedha, na inataka leseni ya Benki Kuu.

Mwandikie pia kwenye karatasi tarehe na kiasi, na umwombe akutumie picha ya uthibitisho. Wadogo zetu tunawapenda, ila "nimeshalipa kaka" na "nitalipa kesho kaka" kwenye simu zinasikika sawasawa.

Usiikuze bili ukiwa huku

Kulipa bili ni rahisi zaidi bili ikiwa ndogo, na Mtwara kuna njia tatu za kuinenepesha bila kujua.

Ya kwanza ni ATM. Maduka mengi hapa yanataka pesa mkononi au Lipa Namba, kwa hiyo mtu anakimbilia mashine na kadi ya mkopo. Utakatwa ada ya kutoa taslimu, kwa kadi nyingi asilimia 3 hadi 5, juu yake ada ya kutumia nje ya nchi ambayo nayo ni karibu asilimia 3, halafu riba inaanza siku hiyo hiyo, hakuna siku 56 wala nini. Ukitaka taslimu tumia kadi ya akaunti ya kawaida. Kadi ya mkopo iache kwa hoteli na tiketi.

Ya pili ni swali la mashine: ulipe kwa shilingi au kwa pauni? Pauni inaonekana ya kirafiki kwa sababu unaielewa, lakini bei ya kubadilisha inapangwa na mwenye mashine, na hajipunji. Chagua shilingi kila mara. Tangu kanuni za Machi 2025, bei za bidhaa na huduma nchini zinatakiwa kuwa kwa shilingi, hivyo hata hoteli ya Shangani inayokuandikia dola una haki ya kuiomba bili ya shilingi.

Ya tatu ni michango inayojikata: mazoezi, filamu, kodi ya kuegesha gari. Ipitie kabla ya kuondoka, usitishe usiyoitumia. Hakuna sababu ya kulipia jimu ya Coventry ukiwa unakula pweza Feri.

Anwani, kadi kuisha, na simu za matapeli

Stetimenti za karatasi zizime, zije kwa barua pepe. Anwani ya kule usiibadilishe kuwa S.L.P. ya Mtwara kwa safari ya miezi michache. Kadi nyingi zina sharti la kuwa mkaazi wa nchi ile. Lakini ukiamua kurudi nyumbani moja kwa moja, waambie ukweli na umalize deni, usijifanye bado uko.

Angalia tarehe ya kadi kuisha. Ikiisha Januari na wewe unarudi Machi, mpya itatumwa kwenye mlango wa nyumba ambayo humo. Bili inaendelea kulipwa kama kawaida, ila hutakuwa na kadi ya kutumia. Omba mpya itolewe mapema, au uwe na mtu wa kupokea barua.

Matapeli hapa tunawajua kwa "ile hela tuma kwenye namba hii". Wa kule wanakuja kwa sauti nzuri zaidi: "tunaona kadi yako imetumika Tanzania, tusomee namba tuliyokutumia". Nawe kweli umeitumia Tanzania, kwa hiyo moyo unaruka. Kata simu. Benki haihitaji kusomewa namba iliyoituma yenyewe. Piga namba iliyo nyuma ya kadi, ukianza na +44 au +1 na kuacha sifuri ya mwanzo.

Ukiwa umeshachelewa

Lipa leo, kabla ya kitu kingine chochote, hata kama ni kiwango cha chini tu. Ukiwa ndani ya mwezi wa kwanza, kwa kawaida umeokoa rekodi na kilichobaki ni faini.

Kisha piga simu. Mchana wetu ndio asubuhi ya London, saa nane mchana wa Mtwara huwa ni saa tano au saa sita kwao. Namba ya nyuma ya kadi ya "kutoka nje ya nchi" ndiyo ya kutumia, maana zile za bure za ndani mara nyingi hazipatikani huku. Ukipiga kwa laini ya hapa, salio litaondoka haraka ukiwa unasikiliza muziki, hivyo kama programu ina sehemu ya kuandikiana ujumbe, anza na hiyo.

Sema mambo matatu kwa ufupi: uko nje ya nchi, umeshalipa tarehe fulani, na unaomba waiondoe faini kwa kuwa hujawahi kuchelewa. Mteja mwenye rekodi safi mara nyingi huondolewa mara ya kwanza. Kama ofa ya riba sifuri imefutwa, omba kwa jina lake irudishwe. Na kama tatizo ni kwamba pesa haipo kabisa, liseme hilo waziwazi. Uingereza benki zinatakiwa kumsikiliza mteja aliyekwama na kupanga naye malipo madogo, ila lazima awatafute yeye. Uliza jina la unayeongea naye, andika tarehe na saa, na kabla hujakata simu muulize dairekti debiti itachukua kiasi gani mwezi ujao na tarehe ngapi.